Ruzuku ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi: kwa nini mjadala wa bajeti unaishia kwenye madarasa?

Mjumbe wa Kamati:

Ndugu wadau, salaam.

Nina watoto watatu katika shule moja ya msingi ya serikali hapa Tanzania, na huu ni mwaka wa pili nikiwa mjumbe wa kamati ya shule hiyo. Kikao chetu cha mwisho kilianza saa tatu asubuhi kikavunjika saa nane mchana, na ajenda iliyotukalisha muda wote huo ilikuwa mlinzi, ambaye anadai ujira wa miezi minne. Mwalimu mkuu, ambaye mimi simlaumu kwa lolote, alitandaza mezani taarifa ya benki ya shule, tukaisoma mstari kwa mstari kama ndugu wanaokagua madeni ya marehemu. Shule ina wanafunzi mia nane na ushee. Ruzuku ya uendeshaji iliyoingia kwa mwezi ilikuwa shilingi laki nne na kidogo, na humo ndani mna chaki, karatasi na uchapaji wa mitihani ya majaribio, umeme wa LUKU, matengenezo ya madawati na nauli ya wanamichezo wa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mlinzi hamo.

Mzazi mmoja alisimama akasema kwamba serikali ilikwisha kutangaza elimu bila ada, kwa hiyo yeye hatoi hata senti, akaketi. Mwingine akauliza kama wezi wa mabati nao wamelisikia tangazo hilo. Tulicheka, lakini mlinzi aliyekuwa amekaa nje akisubiri jibu hakucheka.

Niliporudi nyumbani nilianza kufuatilia chanzo cha fedha hizo. Kiwango cha Sh 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka kiliwekwa wakati wa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, na kile cha Sh 25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kikaja na MMES, mpango kama huo wa sekondari, mwaka 2004. Shilingi elfu kumi hizo zilikusudiwa kuwa sawa na dola kumi za Marekani, kwa kuwa wakati ule dola moja ilikuwa haijafika shilingi 1,000. Elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016, mwongozo uliyarudia viwango vilevile. Tena katika hizo 10,000, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya kununua vitabu, na 6,000 ndizo hushuka hadi shuleni, yaani shilingi 500 kwa mtoto mmoja kwa mwezi.

Swali langu linahusu siasa kuliko uhasibu. Kila mwaka, OR-TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri, na Wizara ya Elimu wanapowasilisha makadirio yao bungeni, tunasikia idadi ya vyumba vya madarasa, matundu ya vyoo na nyumba za walimu, na wabunge wanasimama mmoja baada ya mwingine kuomba madarasa ya majimboni mwao. Vyama navyo, wakati wa kampeni, hushindana kuahidi kwamba ada itafutwa hadi ngazi ya juu zaidi. Sijasikia kampeni iliyosimama juu ya hizi shilingi 500. Je, tatizo ni uhaba wa fedha, au ni kwamba jambo hili halina mtu wa kulisemea? Na kama fedha hazipo kweli, ni nani hasa anayepaswa kuubeba mzigo huu: Hazina, halmashauri au mzazi?

Naomba uzi huu usigeuke kuwa wa vyama. Vyama vyote vimekuwamo katika ngoma hii.

Mwalimu Mstaafu:

Shikamooni wakubwa, na marahaba kwa watakaoniamkia.

Nimekuwa mwalimu mkuu kwa miaka kumi na tisa, mingine kabla ya 2016 na mingine baada yake, kwa hiyo nitasema niliyoyaona kwa macho. Kabla ya hapo ruzuku ilipitia halmashauri, ikaja kwa mafungu, ikachelewa, na kuna robo za mwaka ambazo haikuja kabisa. Mwalimu mkuu alipanga bajeti kama mtu anayesubiri mvua. Kuanzia Desemba 2015 Hazina ilianza kuziingiza fedha moja kwa moja katika akaunti za shule, kila mwezi, na wakati ule serikali ilitangaza kwamba inatuma shilingi bilioni 18.77 kwa mwezi kwa nchi nzima. Yalikuwa mageuzi ya kweli, na anayeyabeza hakuwahi kupanga foleni katika ofisi ya mweka hazina wa halmashauri akiomba fedha za chaki.

Januari 2016, hata hivyo, niliandikisha watoto wa darasa la kwanza karibu mara mbili ya niliowatazamia. Wengine walikuwa na umri wa miaka tisa, kumi, waliokuwa wamezuiwa na michango ya miaka ya nyuma. Niliwaweka mikondo mitatu katika vyumba viwili, na mkondo mmoja ulisomea chini ya mwembe hadi masika. Fedha ziliongezeka kwa kuwa zilifuata idadi ya vichwa, lakini kiasi kwa kila kichwa kilikuwa kilekile cha miaka kumi na minne nyuma.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba fedha zikishaingia, mwalimu mkuu hana uhuru wa kuzitumia atakavyo. Mwongozo umezigawa kwa asilimia: hizi za vifaa, hizi za ukarabati, hizi za mitihani, hizi za michezo, hizi za utawala. Ukichukua za michezo ukamlipa mlinzi, mkaguzi akija una hoja ya kujibu, hata kama mabati yote yangali juu ya paa kwa sababu ya mlinzi huyo.

Kuhusu michango, nitakiri kosa langu. Nami niliwahi kuwarudisha watoto nyumbani kufuata mchango wa dawati, na kuna mtoto mmoja ambaye hakurudi tena. Ndiyo sababu tarehe 17 Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, na kuagiza kwamba mwenye nia ya kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri badala ya kumpa mwalimu, sikuweza kusema kwamba amekosea. Lakini tangu siku ile walimu wakuu wengi waliogopa hata mchango wa hiari uliopitishwa na mkutano wa wazazi, maana mstari kati ya hiari na lazima ulikuwa unachorwa na yeyote mwenye simu ya mkuu wa wilaya. Mimi mlinzi wangu nilimlipa kutoka katika posho yangu ya madaraka, ile ya shilingi 200,000 tuliyoanza kupewa mwaka 2016. Wenzangu wengi walifanya hivyohivyo, na hakuna taarifa ya serikali ambamo fedha hizo zinaonekana.

Mipango na Bajeti:

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi ya mipango katika halmashauri mbili, na naomba nitetee upande ambao hapa hauna mtetezi.

Kwanza, ruzuku ya uendeshaji ni sehemu ndogo sana ya fedha ambazo serikali inazitumia shuleni kwenu. Chukueni mfano wa shule yenye walimu kumi na wanne. Hata tukikadiria kwamba kila mmoja analipwa shilingi laki saba tu, hiyo ni karibu milioni kumi kila mwezi, na mzazi haioni kwa sababu haipiti katika akaunti ya shule. Laki nne mliyoisoma kwenye taarifa ya benki ni senti za mwisho katika gharama kubwa ambayo imekwisha kulipwa. Ukitaka kuongeza fedha za elimu, utakuta kwamba dai la kwanza, la haki kabisa, ni la walimu zaidi, kwa sababu kigezo cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule za msingi bado ni ndoto katika kata nyingi.

Pili, ada zilizofutwa hazikuyeyuka hewani. Sekondari za kutwa zilikuwa zikitoza Sh 20,000 na za bweni Sh 70,000, na serikali ikajitwisha kuzifidia. Julai 2022 ada ya kidato cha tano na cha sita ikafutwa. Mwaka wa fedha 2023/24 ukaja uamuzi wa kufuta ada kwa wanaojiunga na masomo ya ufundi katika vyuo vya DIT cha Dar es Salaam, MUST cha Mbeya na chuo cha ufundi Arusha. Kila uamuzi wa namna hii ni mshipa unaotoa damu kila mwaka bila kukauka, na anayeutangaza hupigiwa makofi siku moja.

Tatu, na hapa ndipo lilipo jibu la swali lako kuhusu madarasa. Darasa lina mwanzo na mwisho, lina picha ya kabla na baada, na lina mkopeshaji. Mwaka 2021 tulipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga vyumba 15,000, yaani 12,000 vya sekondari na 3,000 vya vituo shikizi, yaani matawi ya shule za msingi yaliyo karibu na watoto wanaokaa mbali na shule mama. SEQUIP, mradi wa sekondari wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, nao umejenga shule katika kata ambazo hazikuwa nayo hata moja. Hakuna benki duniani itakayokukopesha fedha za kumlipa mlinzi wa shule ya msingi, na ikikukopesha, usikubali, kwa sababu mwaka unaofuata atataka kulipwa tena.

Tusidharau madarasa, ndugu zangu. Wengi wetu tunakumbuka jinsi uteuzi wa kidato cha kwanza ulivyokuwa ukifanywa kwa awamu, wa kwanza wanaingia Januari na wengine, ambao wamefaulu vilevile, wanakaa nyumbani wakisubiri wananchi wamalize maboma. Januari 2022 wote waliingia pamoja. Mbunge anayehesabu madarasa anahesabu kitu ambacho wapigakura wake walikililia kwa miaka mingi.

Na sasa hesabu. Wanafunzi wa shule za msingi za serikali wanazidi milioni kumi. Ukipandisha ruzuku kutoka 10,000 hadi 25,000 umeongeza angalau shilingi bilioni 150 kila mwaka, milele. Niambieni zitoke wapi.

Hesabu za Mtaani:

Zitoke palepale zinapotoka nyingine, ndugu yangu. Bajeti ya serikali ya mwaka 2025/26 ilipitishwa ikiwa ya shilingi trilioni 56.49. Bilioni 150 ndani ya trilioni 56.49 haifiki hata theluthi moja ya asilimia moja. Nakubali kwamba kila sekta inaweza kuleta hoja ya namna hiyo, na kwamba theluthi za asilimia zikijumlishwa huwa mlima. Lakini hoja ya kwamba fedha hazipo haiwezi kusimama peke yake. Tuseme tu kwamba fedha zipo na zimepangwa kwenda kwingine, halafu tujadili kwingineko huko.

Mimi nadhani jibu la mleta mada limo katika tofauti kati ya sheria na waraka. Barabara zina Mfuko wa Barabara, ambao unalishwa na tozo ya mafuta, na fedha zake zinajulikana zinakotoka kabla waziri hajasimama kusoma hotuba. Elimu ya juu ina Bodi ya Mikopo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na sehemu kubwa ya tozo ya kuendeleza ujuzi wanayolipa waajiri huelekezwa huko, sehemu nyingine VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi. Shule ya msingi ina nini? Ina Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulioondoa ada, na nyaraka zilizofuata za kufafanua utekelezaji wake. Waraka huandikwa na kamishna wa elimu na unaweza kubadilishwa na kamishna. Kweli tunao Mfuko wa Elimu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2001, lakini huo ni wa kufadhili miradi na miundombinu, na haupeleki hata senti ya kila mwezi kwa kila mtoto.

Katiba nayo haitusaidii sana. Ibara ya 11 inaizungumzia haki ya kujielimisha na inaitaka serikali ifanye jitihada ili watu wote wapate fursa sawa, lakini ibara ya 7 inasema wazi kwamba masharti ya sehemu hiyo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya kisheria na mahakama. Huwezi kwenda mahakamani kudai shilingi 500.

Halafu tazameni nani ana sauti. Mwanafunzi wa chuo kikuu akicheleweshewa bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, kwa wiki mbili, serikali ya wanafunzi inatoa tamko, waandishi wanafika, na waziri anatoa maelezo. Mtoto wa darasa la pili akifundishwa bila chaki kwa wiki mbili, anayejua ni mwalimu wake, na mwalimu amekatazwa kuzungumza na waandishi.

Mchangiaji Huru:

Nitasema lisilopendwa: elimu bila ada kwa kila mtu, tajiri na maskini, ilikuwa sera ya uchaguzi kabla ya kuwa sera ya elimu. Mwaka 2010 Dk. Slaa wa CHADEMA aliahidi elimu bila ada, na CCM, chama tawala, ikasema haiwezekani. Mwaka 2015 Lowassa, akiwa upande wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, alitangaza kwamba vipaumbele vyake ni elimu, elimu, elimu, na ilani ya CCM ya mwaka huohuo nayo ikaahidi elimu bila malipo hadi kidato cha nne. Lililokuwa haliwezekani likawezekana kati ya uchaguzi mmoja na mwingine. Sisemi kwamba ni vibaya. Ninachouliza ni lini tulikaa tukapiga hesabu ya gharama halisi ya kumsomesha mtoto mmoja kwa mwaka, maana sera iliyozaliwa jukwaani hurithi lugha ya jukwaani.

Tulishayapita haya. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto aanze shule haraka kuliko ilivyokuwa imepangwa, na tukaingia katika UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, kwa nguvu zote, na walimu waliopewa mafunzo huku wakifundisha. Watoto waliingia darasani kwa mamilioni, jambo la heshima kubwa. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, tukarudi kwenye uchangiaji wa gharama, uandikishaji ukaporomoka, na mwaka 2001 tukafuta ada tena. Tunafuta, tunarudisha, tunafuta, na katikati ya mizunguko hiyo hakuna aliyeandika kanuni ya kupandisha ruzuku kadiri bei zinavyopanda.

Pendekezo langu ni kwamba mzazi mwenye uwezo achangie, kwa kiwango kilichopitishwa na mkutano wa wazazi, kikatangazwa ubaoni, na kulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ili mwalimu asiguse fedha. Sisi ni watu ambao kijana wa mtaani akitangaza ndoa tunaunda kamati, tunapanga viwango vya mtu mmoja na vya watu wawili, na tunafuatana kwenye simu hadi siku ya mwisho. Mzazi aliyetoa laki moja ya harusi Jumamosi hawezi kuniambia Jumatatu kwamba elfu mbili ya mlinzi inamvunjia haki yake ya kikatiba.

Mwalimu Mstaafu:

Ndugu Mchangiaji Huru, mfano wako wa harusi ni mzuri, ila asiyechanga harusi hunyimwa kadi, basi. Asiyechanga shuleni, anayenyimwa masomo ni mtoto wake. Hata ukiandika "hiari" kwa wino mwekundu, mwalimu ana orodha, darasa lina watoto sabini, na siku moja atayasoma majina kwa sauti. Nimeyafanya haya, ninayajua. Na huyo "mwenye uwezo" unayemsema, katika kijiji ambacho kila mtu analima ekari mbili na wengine wanauza mkaa, ni nani atakayempima? Mtendaji wa kijiji? Tulijaribu. Walioandikwa kuwa hawana uwezo walikuwa ndugu zake.

Mama wa Watoto Wawili:

Naona mnazungumzia mlinzi na chaki tu. Kwetu mjadala mkubwa ni uji. Waraka uliacha chakula cha shule za kutwa, sare, madaftari na kalamu mikononi mwa mzazi, na hilo nililielewa tangu mwanzo. Lakini mkutano wa wazazi ukipitisha debe la mahindi kwa kila kaya, nusu wanaleta na nusu hawaleti, na mpishi hawezi kuwapikia nusu ya darasa. Mwaka juzi tulifikia hatua ya kuusimamisha uji kwa muhula mzima kwa sababu walioleta walikataa kuwalishia wasioleta. Mahudhurio ya madarasa ya chini yalishuka mara moja, hasa siku za gulio. Nikisikia mbunge wangu anashukuru kwa madarasa mawili mapya huwa namshukuru naye, kwa sababu ni mazuri kweli, halafu najiuliza nani atakayekaa humo saa tano ya asubuhi akiwa na njaa.

Jirani wa Nakuru:

Hamjambo, ndugu zangu wa Tanzania. Nimeusoma mjadala huu kwa makini kwa kuwa sisi Kenya tumeufanya kwa namna nyingine, na huenda mkafaidika na makosa yetu.

Kwetu elimu ya msingi bila malipo ilirudi mwaka 2003, chini ya Rais Kibaki, kwa mgao wa shilingi 1,020 za Kenya kwa kila mwanafunzi, ambao baadaye ulifika 1,420. Karo ya shule za upili za kutwa ilipoondolewa mwaka 2008, mgao uliwekwa kuwa shilingi 10,265, ukapandishwa hadi 12,870, na tangu mwaka 2018 umekuwa shilingi 22,244. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima na isiyolipiwa, na kifungu hicho kinaweza kupelekwa mahakamani. Kwa hiyo yale ambayo Hesabu za Mtaani anayatamani, sisi tunayo: kiwango kinachopanda, katiba, na sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013.

Hata hivyo, Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliiambia kamati ya bunge kwamba serikali haina uwezo wa kutoa hizo 22,244 kwa kila mwanafunzi. Ghasia za kisiasa zilizofuata mlizisikia, na serikali ikalazimika kuwahakikishia wazazi kwamba elimu bila karo haijafutwa. Lakini walimu wakuu hawakushangaa, kwa sababu walikuwa wamepokea pungufu kwa miaka kadhaa, muhula baada ya muhula, huku madeni ya wauzaji wa mahindi na maharagwe yakirundikana ofisini mwao. Katika shule ambayo mimi ni mwanachama wa bodi, tulianza kuandika bajeti mbili: moja ya kiwango kilichotangazwa, kwa ajili ya wizara, na moja ya fedha tunazotarajia kupokea, kwa ajili yetu wenyewe.

Ninyi mna kiwango kidogo ambacho, kwa maelezo ya Mwalimu, kinafika kila mwezi. Sisi tuna kiwango kikubwa kinachofika nusu njia. Mkidai nyongeza, dai pia tarehe ya kuingia na adhabu ya kuchelewesha, la sivyo mtapewa tarakimu nzuri ya kusoma kwenye hotuba.

Mipango na Bajeti:

Jirani wa Nakuru amesema jambo ambalo sisi wa mipango hulisema faraghani. Ni rahisi sana kupandisha kiwango kwenye karatasi. Mwanzo wa 2016 serikali ingeweza kutangaza 25,000, ikashangiliwa, kisha ikatuma pungufu. Iliamua kutangaza ileile 10,000 na kuituma yote. Naomba hilo nalo lihesabiwe.

Lakini nitakubali kushindwa katika jambo moja. Hoja ya Mchangiaji Huru kuhusu kanuni ya kupandisha kiwango sina jibu lake. Posho za safari za watumishi zimepitiwa upya zaidi ya mara moja tangu 2002. Bei ya umeme ambao shule inalipa si ile ya 2002. Sioni sababu ya kitaalamu ya kiwango cha ruzuku kubaki kama kilivyoandikwa, isipokuwa kwamba hakuna kipengele kinachomlazimu mtu yeyote kukifungua na kukitazama.

Mjumbe wa Kamati:

Nawashukuru nyote, na hasa Mwalimu kwa kukiri lile la mtoto ambaye hakurudi.

Nimebadilika katika jambo moja. Nilikuja hapa nikidhani kwamba wanasiasa wanapenda madarasa kwa sababu yanaonekana, na ni kweli, lakini maelezo ya Mipango na Bajeti yamenionyesha kwamba hata mtunza hazina mwaminifu angeyapenda, kwa kuwa darasa ni deni lenye mwisho. Kwa hiyo kumlaumu mbunge wangu peke yake hakutanisaidia. Nitakachomwomba ni kitu kidogo na cha kuchosha: kwamba katika kipindi cha makadirio aulize ni lini kiwango cha ruzuku kitapitiwa, kwa kanuni gani, na kila baada ya miaka mingapi.

Na kuna sababu ya kuuliza sasa. Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa Dodoma Februari 2025 imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, na elimu ya msingi kuishia darasa la sita. Mtoto wangu wa kati alianza darasa la tatu mwaka 2024 kwa mtaala mpya, kwa hiyo mwaka 2027 atamaliza la sita siku zilezile ambazo wale waliomtangulia mwaka mmoja watamaliza la saba. Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja, na kwa kawaida kundi moja tu huzidi watoto milioni moja. Najua madarasa yatajengwa, kwa sababu bila madarasa aibu itaonekana. Ila kila mmoja wa watoto hao atakuja na fidia yake ya ada ya Sh 20,000 na ruzuku yake ya Sh 25,000, ambayo nusu yake hubaki juu kwa vitabu, na sijasikia bado ikitajwa katika hotuba yoyote. Kama kuna mwenye nakala ya makadirio ya TAMISEMI yanayoonyesha fungu hilo kwa mwaka 2027/28, tafadhali aliweke hapa.

Kuhusu mlinzi: tumekubaliana kwa muda kwamba kila mjumbe wa kamati atatoa shilingi elfu tano, kwa majina yetu wenyewe na nje ya vitabu vya shule, ili alipwe miezi miwili kati ya minne. Yeye amekubali kuendelea hadi mwisho wa muhula. Mwalimu mkuu alitaka kutoa zaidi yetu, tukamkatalia.